Walther Nernst: Profesa mpenda magari ambaye hesabu yake imo ndani ya geji yako

UKIPANDA gari la kijana aliyeongeza nguvu za injini, siku hizi hukosi kuona geji ndogo ya duara imebandikwa kando ya dashibodi, namba zake zikichezacheza: 14.7, 13.2, 11.8. Hiyo ni geji ya uwiano wa hewa na mafuta. Ukienda Grogan jijini Nairobi kuiulizia, utaambiwa bei na jina la kampuni, na pengine utatajiwa fundi anayejua kuifunga. Ukiuliza inapima nini hasa, wengi watakwambia inapima mafuta.

Haipimi mafuta. Haijawahi kupima mafuta hata siku moja. Inachohesabu ni oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na hesabu inayotumia iliandikwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1889, na kijana aliyekuwa ndio kwanza anatimiza miaka 25. Jina lake Walther Nernst. La kushangaza ni kwamba huyo jamaa mwenyewe alikuwa mpenzi wa magari wa kupindukia, tena wa aina ile ambayo leo ungemkuta kwenye mikutano ya vijana wa Subaru akiwa ameinua boneti.

Nernst alizaliwa Juni 25, 1864, katika mji mdogo wa Briesen, eneo la Prussia Magharibi ambalo leo liko Poland. Babake alikuwa hakimu. Nyumbani hakukuwa na shida ya chakula wala ya vitabu, na kijana alipenda fasihi kiasi kwamba ndoto yake ya kwanza ilikuwa kuwa mshairi. Shule ya upili aliisomea Graudenz, na huko ndiko mwalimu wa kemia alikomgeuza mawazo. Mapenzi ya jukwaa na tamthilia hayakumtoka kabisa, lakini maabara ikamteka.

Enzi hizo mwanafunzi wa Kijerumani hakukaa chuo kimoja. Alihama akimfuata mwalimu anayemtaka. Nernst alipita Zürich, Berlin, Graz kule Austria, kisha Würzburg, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1887. Akiwa Graz alifanya kazi na Albert von Ettingshausen, na wawili hao wakagundua jinsi joto na umeme vinavyoathiriana ndani ya chuma kilichowekwa karibu na sumaku. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Baadaye Wilhelm Ostwald akamwita Leipzig awe msaidizi wake. Ostwald, Svante Arrhenius wa Sweden na Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi ndio waliokuwa wakijenga tawi jipya la sayansi, kemia ya kifizikia, na Nernst akajikuta katikati ya jiko lenyewe.

Swali lililokuwa mezani lilikuwa rahisi kulisema. Betri inatoa volti. Kwa nini inatoa volti hizo na si nyingine? Nernst akaonyesha kwamba volti zinategemea tofauti ya wingi wa chembe kati ya upande mmoja na mwingine. Chembe zikiwa nyingi huku na chache kule, zinataka kuhama, kama watu wanaosukumana kutoka matatu iliyojaa kwenda kwenye ile tupu. Msukumo huo unaweza kupimwa kama volti. Hesabu yake hutumia logi, zile zile logi za kidato zinazowatoa wanafunzi jasho. Maana ya logi hapa ni kwamba kila upande mmoja ukipungua mara kumi, volti zinaongezeka kwa kiasi kile kile, tena kidogo. Shika hilo vizuri kwa sababu ndilo litakaloeleza tabia ya sensa ya gari lako huko mbele.

Mwaka 1891 Nernst akawa profesa Göttingen. Mwaka uliofuata alimuoa Emma Lohmeyer, binti wa daktari wa upasuaji wa mji huo, na wakajaliwa watoto watano, wavulana wawili na wasichana watatu. Mwaka 1893 alichapisha kitabu cha kemia ya nadharia kilichosomeshwa miaka mingi. Kufikia hapo angeweza kutulia, akafundisha na kuzeeka kwa heshima. Lakini Nernst alikuwa na jicho la biashara, jambo ambalo baadhi ya maprofesa wenzake waliliona kama aibu. Mimi naona ndilo lililomfanya awe na manufaa kwetu.

Taa za umeme za wakati huo, zile za Edison, zilitumia uzi wa kaboni ndani ya chupa iliyotolewa hewa. Zilimeza umeme mwingi na mwanga wake ulikuwa wa manjano hafifu. Mnamo 1897 Nernst alitengeneza taa ya namna nyingine. Badala ya uzi aliweka kijiti cha kauri, yaani zirkonia iliyochanganywa na itria. Kauri hiyo ikiwa baridi haipitishi umeme kabisa, ni kama kipande cha sahani. Ukiipasha moto sana, inaanza kupitisha, na inang'aa mwanga mweupe mzuri. Haikuhitaji chupa isiyo na hewa, maana kauri imeshaungana na oksijeni tayari, haina cha kuungua tena.

Tatizo lake ni lile lile. Lazima ipashwe kwanza. Ukibonyeza swichi unangoja. Hata taa ilipowekewa waya wa kupasha, bado mtu alikaa gizani kwa muda akisubiri. Kampuni ya AEG haikujali hilo. Ilinunua haki za uvumbuzi huo, na inasimuliwa kwamba Nernst alitaka alipwe kwa mkupuo, akapewa mark milioni moja, pesa za ajabu kwa profesa. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900, banda la AEG liliwaka taa hizo. Huko Marekani, George Westinghouse naye alizitengeneza.

Biashara hiyo haikudumu. Taa za uzi wa tangsteni zilikuja na kuwaka papo hapo, na taa ya Nernst ikaishia makumbusho. Mmoja wa watu walioikamilisha taa ya tangsteni, kwa kuijaza gesi, alikuwa Mmarekani Irving Langmuir, ambaye shahada yake ya udaktari aliipata Göttingen mwaka 1906 chini ya Nernst huyo huyo. Mwalimu alishauza mapema, kwa hivyo hasara haikuwa yake.

Pesa zilikwenda wapi? Magari, bila shaka.

Nernst alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini Göttingen kuwa na gari. Inasemekana maishani mwake alimiliki magari 18. Magari ya siku hizo hayakuwa na huruma. Yalizimika njiani, yaliwashwa kwa mkono, kabureta zilikuwa za kubahatisha, na mlima ukiwa mkali abiria walishuka wakasukuma. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba profesa alichoka na milima, akabeba mtungi wa nitrasi oksaidi ndani ya gari. Ni ile gesi ya kuchekesha waliyotumia madaktari wa meno. Gari likianza kukohoa mlimani anafungua mtungi, gesi inaingia kwenye injini, na gari linapanda.

Ndio, ni nitro. Ile ile ya filamu za mbio za magari, miaka mia moja kabla ya filamu zenyewe.

Hakuwa anabahatisha. Nitrasi oksaidi ikipata joto ndani ya silinda huvunjika na kuachilia oksijeni, na kwa kiasi kile kile ina oksijeni zaidi ya hewa ya kawaida, ambayo oksijeni yake ni kama asilimia 21 tu. Oksijeni ikiongezeka unaweza kuchoma mafuta zaidi, nguvu zinapatikana. Lakini ukiongeza oksijeni bila kuongeza petroli, mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kupita kiasi, joto linapanda, na pistoni inaweza kuyeyuka. Profesa alikuwa anaendesha bila chombo chochote cha kumwonyesha amefika wapi. Alisikiliza injini kwa masikio, kama mafundi wetu wazee.

Mwaka 1905 aliitwa Chuo Kikuu cha Berlin. Mwishoni mwa mwaka huo, Desemba, aliwasilisha kazi iliyompa jina kubwa zaidi, ile inayoitwa leo kanuni ya tatu ya thamodainamiki. Kwa lugha ya mtaani: kadiri kitu kinavyokaribia baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri, vurugu za chembe zake hutulia kwa namna inayojulikana. Kwa kujua hivyo, mtu anaweza kupima joto la vitu maabarani, kisha akapiga hesabu ya mmenyuko wa kemikali utaishia wapi, kabla hata hajaujaribu. Alitumia miaka kadhaa na wanafunzi wake Berlin wakipima vitu kwenye baridi kali ili kuthibitisha. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1920, ambayo alikabidhiwa 1921, ilitokana na kazi hiyo.

Hesabu hizo zilimgonganisha na Fritz Haber. Haber alikuwa akitafuta njia ya kutengeneza amonia kutoka naitrojeni ya hewani, na namba zake hazikulingana na za Nernst. Mwaka 1907, kwenye mkutano wa wanakemia mjini Hamburg, Nernst alimkosoa hadharani. Haber aliumia sana. Alirudi maabarani kwa hasira, akapima upya kwa makini, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye amonia iliyoleta mbolea za kisasa. Nernst hakuwa mtu wa kubembeleza.

Vilevile alichunguza namna naitrojeni na oksijeni za hewa zinavyoungana kwenye joto kali. Wakati huo watu waliwazia mbolea tu. Leo tunajua ndani ya silinda ya gari jambo hilo hilo hutokea, na gesi inayotoka ni moja ya zile zinazochafua hewa ya miji.

Alikuwa mtu wa kuwaleta wengine pamoja pia. Mkutano maarufu wa Solvay wa mwaka 1911 mjini Brussels, uliowakutanisha Marie Curie, Max Planck, Albert Einstein na wengine, ulianza kwa juhudi zake. Mwaka 1913 yeye na Planck walisafiri hadi Zürich kumshawishi Einstein ahamie Berlin, na Einstein akakubali.

Kisha vita vikaja, na hapa maisha ya Nernst yana doa ambalo halifutiki kwa Nobel.

Mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka 50, mfupi wa kimo, macho dhaifu. Alijiunga na kikosi cha madereva wa kujitolea, akapeleka nyaraka kwa gari lake hadi kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga kuelekea Paris. Hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu. Lakini pia alitia sahihi tamko la wasomi 93 wa Ujerumani lililokana kwamba majeshi yao yalifanya unyama Ubelgiji. Na alifanya kazi ya silaha za kemikali. Mabomu yenye unga wa kuwasha aliyosaidia kuyatengeneza yalirushwa Neuve-Chapelle, Ufaransa, Oktoba 1914, na hayakufanya kitu cha maana. Adui hata hakutambua. Kazi ya gesi ikachukuliwa na Haber, mpinzani wake wa Hamburg, na Aprili 1915 klorini ikaua watu Ypres. Huwezi kusema Nernst hakuwa na mkono kwa sababu tu mabomu yake yalishindwa.

Vita vilimlipa vibaya. Mwanawe mmoja aliuawa mwaka 1914. Wa pili aliuawa mwaka 1917. Hakubaki na mtoto wa kiume. Kufikia hapo alishaanza kuonya wakubwa kwamba Ujerumani haitashinda na kwamba kuzamisha meli ovyo kwa nyambizi kutaiingiza Marekani vitani. Hakusikilizwa.

Kuanzia 1922 aliongoza taasisi ya taifa ya vipimo mjini Berlin, kisha mwaka 1924 akarudi chuoni kufundisha fizikia. Alijaribu hata muziki. Pamoja na kampuni za Bechstein na Siemens alitengeneza piano ya umeme, nyuzi zake zikinaswa na sumaku kama gitaa la umeme la leo. Haikuuzika.

Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, Nernst alistaafu. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa na Wayahudi, na ikabidi wahame Ujerumani. Wanafunzi wake wengi walilazimika kuondoka, miongoni mwao Franz Simon, aliyekimbilia Oxford. Mzee mwenyewe alihamia shambani kwake Zibelle, karibu na mji wa Muskau, akafuga samaki. Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba aliwahi kuingia zizi la ng'ombe wakati wa baridi, akakuta lina joto, akauliza joto hilo limetoka wapi. Alipojua linatoka miilini mwa ng'ombe, aliamua kuwauza. Hakuona sababu ya kununua chakula cha mifugo ili kupasha hewa. Samaki, kwa kuwa mwili wao una joto sawa na la maji, hawapotezi kitu. Hata kama kisa kimetiwa chumvi, kinamfaa.

Alifariki Novemba 18, 1941, akiwa na miaka 77, mabinti wawili wakiwa ng'ambo ya vita. Leo kaburi lake liko Göttingen, makaburi yale yale alikozikwa Planck. Einstein, aliyekuwa Marekani, aliandika makala ya kumkumbuka.

Sasa turudi kwenye gari.

Miaka ya 1970 sheria za moshi Marekani, hasa California, zilikuwa kali. Watengenezaji wa magari walikuwa na kichujio cha moshi kinachoweza kusafisha gesi tatu mbaya kwa pamoja, ikiwemo ile ya naitrojeni, lakini kinafanya kazi vizuri tu pale ambapo hewa na mafuta vimelingana sawasawa. Kwa petroli ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta. Ukikosea kidogo tu, gesi mojawapo inapita. Kabureta haiwezi kushika usahihi huo. Ilihitajika pua ndani ya bomba la moshi.

Bosch walirudi kwa Nernst mara mbili. Walichukua kauri ya taa yake, zirkonia yenye itria, kwa sababu ikiwa moto hupitisha chembe za oksijeni. Wakaifinyanga kama kidole cha glavu, wakaipaka platinamu nje na ndani. Nje inapuliziwa moshi, ndani inaingia hewa safi. Oksijeni ni nyingi ndani na chache nje, basi inasukuma kutoka, na msukumo huo unaleta volti kama alivyoandika mwaka 1889. Mwaka 1976 sensa hiyo iliingia sokoni kwenye magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani.

Kumbuka ile logi. Kwenye joto la nyuzi 700 hivi, kila oksijeni ya moshi ikipungua mara kumi volti zinapanda kwa milivolti 48 tu. Lakini mafuta yakizidi hata kidogo, oksijeni kwenye moshi haipungui mara kumi. Inatoweka, inashuka mara kumi zaidi ya mara kumi na tano mfululizo. Ndiyo sababu sensa ya kawaida inaruka ghafla kutoka volti 0.1 hadi 0.8 au 0.9. Inajua tu mafuta yamezidi au hewa imezidi. Haijui kwa kiasi gani. Ukiunganisha geji kwenye sensa iliyotoka kiwandani na gari, utaona taa zikicheza kushoto na kulia, ukadhani unapima kitu.

Kwa geji yenye namba za kweli unahitaji sensa ya masafa mapana, yenye nyaya tano. Ndani yake mna chumba kidogo cha moshi, kauri ya Nernst ya kunusa, na kauri ya pili inayosukuma oksijeni kuingia au kutoka chumbani. Kifaa cha geji kinasukuma mpaka kauri ya kunusa isome milivolti 450, yaani mizani imekaa sawa. Kiasi cha umeme kilichohitajika kusukuma ndicho kinachogeuzwa kuwa namba unayoiona.

Kuifunga si kazi ngumu, ila haitaki haraka. Ondoa waya wa betri kabla ya kuchomelea. Nati ya sensa ichomelewe kwenye bomba baada ya mirija ya silinda zote kuungana, na kabla ya kichujio. Gari likiwa na turbo, iwekwe baada ya turbo, kwa sababu kabla yake joto na shinikizo ni kubwa mno. Sensa ilale upande wa juu wa bomba, ncha ikielekea chini, angalau nyuzi 10 juu ya mstari wa mlalo. Usikubali fundi aiweke chini ya bomba kwa sababu ni rahisi kufikia. Asubuhi bomba hukusanya maji, na tone moja likiangukia kauri yenye joto la mamia ya nyuzi, inapasuka kama glasi ya baridi iliyotiwa chai ya moto.

Umeme wake utoke kwenye waya unaowaka ukifungua ufunguo, si moja kwa moja kwenye betri, na uwe na fyuzi. Waya wa ardhi ushike chuma safi, kisicho na rangi wala kutu. Usikate plagi ya sensa ili kurefusha nyaya, maana sensa nyingi zimewekewa ndani ya plagi hiyo kipimo chake cha kiwandani. Geji nyingine hutaka kufunzwa kwanza hewa safi kabla sensa haijafungwa. Hilo fanyia nje, si ndani ya gereji yenye magari matatu yanayonguruma, la sivyo utaifundisha kwamba moshi ndio hewa. Na kama taa ya Nernst, lazima ipashwe. Ukiendesha gari sensa ikiwa ndani ya bomba bila umeme, masizi yataiziba na umeshaipoteza.

Ukiiunganisha na kompyuta ya gari, hakikisha volti za geji zimetafsiriwa sawa. Geji moja inaweza kusema volti 0 ni 10 na volti 5 ni 20. Nyingine ina kipimo chake. Linganisha kioo cha geji na kioo cha kompyuta injini ikiunguruma. Zikipishana, rekebisha kabla ya kugusa mafuta.

Gari likiwa limesimama au likienda polepole, tarajia karibu 14.7. Ukikanyaga hadi mwisho bila turbo, injini nyingi hupenda kati ya 12.5 na 13. Zenye turbo hushushwa zaidi, 11 hadi 12, ili mafuta ya ziada yapoze. Ukiachilia pedali ghafla namba itaruka juu kabisa. Ni kawaida, mafuta yamekatwa. Kwa wenye magari ya zamani ya kabureta, kumbuka hewa ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Gari lililowekwa sawa Pwani litaonyesha mafuta yamezidi likifika huku.

Mtego mkubwa unatokana na lile nililoanza nalo. Bomba likiwa na tundu kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, geji inaona oksijeni na kukwambia mafuta yamepungua. Hayajapungua. Plagi moja ikiwa mbovu ni mbaya zaidi. Silinda hiyo haichomi, petroli yake inatoka mbichi, lakini oksijeni yake pia inatoka bila kutumika. Pua inanusa oksijeni. Namba inapanda 16, 17. Kijana anaongeza mafuta, plagi inaloa zaidi, namba inapanda tena, anaongeza tena. Petroli inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, na pistoni zinaanza kukwaruza. Kwa hivyo gari likikohoa huku geji ikidai hewa imezidi, weka kompyuta kando, fungua plagi zote nne uziangalie rangi, kisha upake maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba la moshi, uwashe injini ikiwa baridi, na uangalie pale mapovu yanapotokea.